Vipimo safi, mguu hautii: mwongozo wa kuelewa na kukabili FND

Mtu hawezi kuunyanyua mguu wa kushoto tangu mwezi uliopita. CT-Scan ya kichwa ni safi, mgongo safi, damu safi. Au binti anaanguka mara tatu kwa wiki, anatetemeka nusu saa nzima, na kipimo cha umeme wa ubongo hakioneshi kifafa. Hospitalini anaambiwa hana tatizo, nyumbani anaambiwa katupiwa jini, mtaani anaambiwa anajifanya. Wengi wa watu hawa wana tatizo la utendaji wa mishipa ya fahamu, ambalo siku hizi madaktari huliandika kwenye faili kwa herufi FND. Zamani waliandika histeria, na wapo wanaoliandika hivyo hadi leo.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa na wa anayemuuguza. Hauchukui nafasi ya kuonwa na daktari. Kazi yake ni kukufanya uingie kwa daktari ukijua la kuuliza, na urudi nyumbani ukijua la kufanya.

Kilichoharibika na kisichoharibika

Katika kiharusi, sehemu ya ubongo imekufa kwa kukosa damu. Katika jeraha la uti wa mgongo, njia ya taarifa imekatika. Katika FND hakuna kilichokufa wala kilichokatika. Redio ni nzima, betri ni mpya, ila haijashika stesheni. Ndiyo maana CT-Scan na MRI za kawaida hutoka safi: zinapiga picha ya umbo la ubongo, hazioneshi kazi inavyokwenda.

Ubongo hauendeshi mwili kwa kusubiri taarifa peke yake. Unakisia mapema mguu utatua wapi, mkono utahisi nini, sakafu itakuwa ngumu kiasi gani. Kwa sababu hiyo mtu mwenye afya hutembea bila kuufikiria mguu wake. Kwenye FND makisio hayo yamepotoka, na umakini wote umehamia kwenye kiungo kilekile. Kadiri mgonjwa anavyoukazia mguu macho na kujilazimisha, ndivyo unavyogoma. Akizungumzishwa, akiimba au akitembea kinyumenyume, mguu unaitika kidogo. Watu wa nyumbani wakiliona hilo husema, "Si unaona, anajifanya!" Kumbe hicho ndicho kitambulisho cha ugonjwa, na karibu kila zoezi lililo hapa chini limejengwa juu yake.

Mara nyingi kuna tukio lililotangulia, na si lazima liwe la huzuni: kifundo kilichoteguka, upasuaji mdogo, kipandauso kikali, homa iliyomlaza mtu wiki nzima, kuzimia mara moja, hofu ya ghafla. Msiba, ukatili na ndoa yenye vurugu huongeza uwezekano, lakini wapo wagonjwa wengi wasio na lolote kati ya hayo. Kitabu cha Marekani cha vigezo vya magonjwa ya akili, DSM-5, kiliondoa mwaka 2013 sharti la kupata msongo wa mawazo kabla ya kuandika utambuzi huu. Daktari anayesisitiza "sema una stress gani" na kugoma kuendelea mpaka umtajie, amebaki nyuma.

Hatua ya 1: Pata utambuzi wenye ushahidi

Vipimo safi peke yake havithibitishi FND. Utambuzi hutolewa kwa dalili ambazo daktari anaziona kwa macho na kuzijaribu kwa mikono. Muulize: "Daktari, naomba unioneshe ni dalili ipi imekufanya useme ni FND." Akiweza kukuonesha, uko mahali pazuri. Akijibu tu kwamba vipimo vimetoka safi, omba rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Kama hakuna karibu, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani au wa afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa naye anaweza kuanza kazi.

*Mguu usio na nguvu.* Kipimo maarufu ni cha Hoover, daktari Mmarekani aliyekieleza mwaka 1908, na hakihitaji mashine. Mgonjwa amekaa. Daktari anaweka mkono chini ya paja la mguu dhaifu na kumwambia aukandamize chini: nguvu hakuna. Kisha anamwambia anyanyue paja la mguu mzima huku daktari akilizuia. Wakati huohuo mguu dhaifu unakandamiza chini wenyewe, kwa nguvu ya kawaida. Maana yake njia kutoka ubongoni hadi mguuni ni nzima. Kipimo hiki kinaweza kudanganya kama kuna maumivu makali ya nyonga, kwa hiyo husomwa pamoja na dalili nyingine. Namna ya kutembea ni mojawapo: mwenye FND mara nyingi huuburuta mguu nyuma ukiwa umegeukia nje au ndani, wakati wa kiharusi huuzungusha nusu duara.

Mgonjwa aoneshwe kipimo hiki waziwazi. Kikifanywa kimyakimya kama mtego, kinaacha kinyongo. Akikiona mwenyewe, anapata sababu ya kuamini kwamba mguu unaweza kurudi.

*Mkono unaotetemeka.* Daktari anamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada vya mkono mzima kwa kufuata mdundo, mara haraka, mara polepole. Katika FND mtetemeko wa mkono mwingine husimama, au unafuata mdundo uleule, au mkono mzima unashindwa kuushika mdundo. Mtetemeko wa ugonjwa wa Pakinsoni haubadiliki hivyo.

*Kuanguka.* Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu daktari hayupo tukio linapotokea. Simu yako ndiyo shahidi. Rekodi mwili mzima kwanza, kisha sogea usoni uoneshe macho, taja muda kwa sauti, na endelea kurekodi dakika mbili tatu baada ya kuisha. Mwombe mgonjwa ruhusa siku akiwa mzima, na video isiende kwenye kundi lolote la WhatsApp.

Katika kifafa cha mwili mzima, macho kwa kawaida huwa wazi. Mwili hukakamaa kwanza, kisha hutikisika kwa mdundo unaopungua kasi kuelekea mwisho. Tukio huisha ndani ya dakika 1 hadi 3, ulimi hung'atwa pembeni, halafu mtu hukoroma na kuchanganyikiwa. Katika mshtuko wa FND, macho mara nyingi yamefumbwa na hukaza ukijaribu kuyafumbua. Kutikisika kunapanda, kunasimama, kunaanza tena, kichwa kinakwenda kulia na kushoto, na tukio hupita dakika 5 kwa urahisi. Wengine hawatikisiki kabisa: wanalala kimya macho yamefumbwa kwa dakika kumi au zaidi. Kulia machozi katikati ya tukio au mara baada yake huelekea zaidi FND. Kukojoa hakutofautishi, na kuumia hakutofautishi pia.

Hakuna dalili moja inayotosha. EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) ya kawaida, ile ya nusu saa, ikitoka safi haifuti kifafa, kwa sababu huenda umeme ulikuwa umetulia wakati huo. Kipimo chenye uhakika zaidi ni EEG inayorekodiwa pamoja na video wakati mtu anaanguka, na hicho hakipatikani hospitali nyingi. Pasipo nacho, video ya simu ikitazamwa na daktari mzoefu ina thamani kubwa. Pia mtu anaweza kuwa na kifafa na FND kwa pamoja. Matukio mafupi yanayomtoa mtu usingizini, yanayofanana kila mara, yahesabiwe kifafa mpaka daktari aseme vinginevyo.

Yasiyopaswa kuitwa FND haraka

Nenda hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri rufaa, ukiona mojawapo ya haya:

- Mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yanavurugika ghafla. Hicho ni kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kwa kijana.
- Degedege kwa mjamzito wa wiki 20 na kuendelea, au kwa aliyejifungua wiki chache zilizopita. Ichukuliwe kuwa kifafa cha mimba.
- Homa na shingo ngumu, au homa na kuchanganyikiwa: malaria kali au homa ya uti wa mgongo.
- Miguu kulegea pamoja na mkojo kuziba na ganzi sehemu za siri.
- Kuanguka kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa. Pima sukari kwanza.
- Udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwenda juu siku hadi siku, au kupumua kwa shida.

Ukanda wetu una magonjwa mengine ambayo yasipoulizwa yatapita. Konzo, unaoletwa na muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa ipasavyo, hupoozesha miguu yote miwili kwa ghafla. Umeripotiwa Kongo, na Tanzania katika mkoa wa Mara. Miguu ya konzo hukakamaa na magoti huruka sana yakigongwa kwa nyundo ya daktari. Lava wa tegu la nguruwe, minyoo ya tumboni, wakifika ubongoni huleta kifafa, na vifuko vyao CT-Scan huviona. Mahenge, wilayani Ulanga, kifafa kimehusishwa kwa muda mrefu na usubi. Mweleze daktari ulikokulia na unachokula, hata asipouliza.

Hatua ya 2: Mtu anapoanguka

Hii ni kwa mtu ambaye daktari ameshathibitisha kwamba mishtuko yake ni ya FND. Kama hamjui, mfanyie kama mwenye kifafa: mlaze ubavu, linda kichwa, usimtie kitu mdomoni, na ikipita dakika 5 mkimbize hospitali.

1. Tazama saa. Ondoa jiko, chupa, kiti, chochote cha kumuumiza. Weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa.
2. Ondoa watu. Abaki mmoja, wawili wakizidi. Umati, kelele na kupepewa na watu kumi hurefusha tukio.
3. Usimshike mikono wala kumkalia miguu. Ukimbana, mwili unapambana, na hapo ndipo mabega huteguka.
4. Sema naye kwa sauti ya kawaida, kwa maneno machache, kila baada ya dakika moja hivi: "Dada, uko salama. Uko nyumbani. Linapita." Wengi husikia ingawa hawawezi kujibu. Kwa hiyo usiseme mbele yake jambo ambalo usingelisema akiwa macho.
5. Usimfinye, usimmwagie maji, usimpige makofi, usimnusishe kitunguu kwa nguvu kumjaribu.
6. Likiisha, mwache apumzike dakika chache, mpe maji, kisha arudi kwenye alichokuwa akifanya kadiri awezavyo. Akipelekwa kitandani kutwa nzima kila mara, kuanguka kunazidi kuteka maisha yake.

Muda mrefu peke yake si dharura kwa mtu huyu. Mpeleke hospitali kama ameumia, midomo imebadilika rangi, kupumua hakueleweki, au tukio si kama mengine mliyozoea. Na mkifika mapokezi, toa karatasi ya daktari inayosema ana mishtuko ya FND. Bila karatasi hiyo huenda akachomwa sindano ya daiazepamu, dawa ya kutuliza degedege, kisha ya pili, kisha ya tatu. Mshtuko huu hautulii kwa njia hiyo, na wapo waliosimama kupumua kwa sababu ya sindano zenyewe.

Hatua ya 3: Kuwahi kabla ya kuanguka

Sio wote wanaopata onyo, lakini wengi hulipata wakianza kulitafuta: moyo kwenda mbio, joto kupanda kifuani, sauti za watu kusikika kwa mbali, vidole kufa ganzi, kujiona kama uko nje ya mwili wako. Onyo hudumu sekunde kadhaa, pengine dakika. Kazi ni kuutoa ubongo ndani na kuurudisha chumbani.

Chagua kitu kimoja cha kila mlango wa fahamu na uvibebe: kipande cha limau au karafuu za kunusa, funguo yenye meno ya kukwaruza kwa kidole, kikombe cha maji baridi. Onyo likija, kandamiza nyayo zote mbili sakafuni. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona pamoja na rangi zake. Vuta pumzi kwa kuhesabu 4, toa kwa kuhesabu 6, mara kumi. Kisha hesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kuondoa 7. Usipumulie kwenye mfuko wa karatasi.

Kosa la kawaida ni kuanza kulifanya zoezi hili siku ya mshtuko. Lifanye ukiwa mzima, asubuhi na jioni, mpaka liende bila kufikiri. Kosa jingine ni kukimbilia kulala chini mara tu onyo linapokuja: ukilala kila mara, ubongo unajifunza kwamba onyo lazima liishie kwenye kuanguka. Kaa, shika kitu imara, endelea na zoezi.

Weka daftari: tarehe, saa, muda uliodumu, ulikuwa wapi, ulilala saa ngapi, ulikula nini, nusu saa kabla kulitokea nini. Lisome mara moja kwa wiki, basi. Kujichunguza kila saa kunarudisha umakini palepale tulipokuwa tunautoa.

Mpaka daktari aruhusu, usiendeshe gari wala bodaboda, usipande ngazi ndefu, usiogelee peke yako. Oga kwa ndoo, mlango usifungwe kwa komeo. Pika kwa jiko lililo chini na sufuria iliyokaa imara, au pika kukiwa na mtu.

Hatua ya 4: Kuufundisha mwili upya

Mtaalamu wa fiziotherapia anayeijua FND ndiye bora, ila wengi wamezoea kiharusi, na mazoezi ya kiharusi (kunyanyua mguu ulionyooka, kurudia mara ishirini huku ukiutazama) hapa hayafai, kwa sababu yanamkazia mgonjwa umakini kwenye mguu. Mweleze kwa heshima kwamba unahitaji mazoezi ya kutembea na ya kazi nzima, si ya msuli mmoja mmoja.

Fanya vipindi vya dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, kwenye sakafu iliyonyooka, karibu na ukuta. Msaidizi asimame upande dhaifu, karibu lakini bila kushika. Akimnyanyua mgonjwa kwapani, mgonjwa humwachia uzito wote na miguu haijifunzi kitu.

Anza ukiwa umekaa kwenye kiti imara, nyayo zote chini. Hamisha uzito kwenye kalio la kulia, kisha la kushoto, taratibu, macho yakiwa kwenye alama ukutani. Ikienda vizuri, simama: sogeza pua mbele kupita vidole vya miguu kisha inuka, bila kujisukuma kwa mikono. Ukishasimama, hamisha uzito kulia na kushoto kwa mdundo wa wimbo. Goti likitaka kukunjika, punguza mwendo wa kuyumba, lakini usisimamie mguu mmoja tu.

Kisha nyayo zianze kuteleza. Weka kitambaa chini ya kila mguu kwenye sakafu ya saruji au vigae, msaidizi akiwa hatua moja kutoka kwako, na sukuma mbele nyuma bila kunyanyua. Baada ya hapo tembea kinyumenyume hatua nne tano, kisha upande upande. Watu hushangaa hapa: aliyeshindwa hatua moja kwenda mbele anarudi nyuma bila kuchechemea, kwa kuwa mwendo huo ubongo haujauwekea makisio mabaya. Kutoka kwenye mwendo ulio mzuri, ingiza hatua moja ya mbele bila kusimama, halafu mbili. Mwisho tembea mbele huku ukirushiana chungwa na msaidizi, au ukihesabu miezi kurudi nyuma kutoka Desemba.

Mwendo ukiharibika, simama. Usiendelee kutembea vibaya ukidhani unaongeza nguvu, kwa sababu unachofanyia mazoezi hapo ni ule mwendo mbaya. Rudi kwenye hatua ya mwisho iliyokwenda sawa. Rekodi video fupi kila wiki. Mgonjwa huwa haoni maendeleo yake, na video haibishani naye.

*Mkono unaotetemeka:* usiukaze kuuzuia, kukaza ndiko kunakolisha mtetemeko. Fanya kinyume: utikise kwa makusudi, kwa mwendo mkubwa na wa polepole, kisha punguza kidogo kidogo hadi usimame. Andika herufi kubwa ukutani kwa chaki kabla ya kurudi kwenye daftari.

*Mkono dhaifu:* uegemee mezani ukibeba uzito wakati umesimama, uingie kwenye kazi za mikono miwili kama kukanda unga au kukunja mashuka. Usiuning'inize shingoni kwa kitambaa. Ukiwa na ganzi, pima joto la maji kwa mkono mwingine.

*Sauti iliyopotea:* kikohozi chake kina sauti? Akicheka, sauti inatoka? Basi nyuzi za sauti zinafanya kazi. Asukutue maji kooni kwa sauti, kisha avume "mmmm", kisha avute mvumo huo uingie kwenye neno: "mmm-moja", "mmm-maji". Kunong'ona kusihesabiwe kuwa mapumziko ya koo, kunaimarisha tatizo.

*Mguu uliopinda au ngumi isiyofunguka:* usikubali kufungwa plasta ya POP ili unyooke. Mara nyingi ukitoka unakuwa mgumu na wenye maumivu zaidi.

Magongo na kiti cha magurudumu ni suala la busara. Kama bila gongo mtu hawezi kufika chooni, atumie. Ila chagueni tarehe ya kulipitia upya suala hilo, kwa mfano baada ya wiki nne, na nyumbani ajaribu umbali mfupi bila gongo. Kifaa kisichopangiwa mwisho huwa cha kudumu.

Hatua ya 5: Ratiba ya siku

Wengi wana uchovu mzito, na huishi kwa mtindo huu: siku nzuri inafuliwa nguo za wiki, siku tatu zinazofuata ni kitandani. Vunja mzunguko huo. Pima ni dakika ngapi unaweza kutembea au kufanya kazi katika siku mbaya, tuseme 8. Fanya dakika 8 kila siku, ziwe nzuri au mbaya, kwa wiki nzima, kisha ongeza kama asilimia 10. Kigumu zaidi ni kujizuia siku nzuri.

Amka saa ileile kila siku. Usingizi wa mchana usizidi dakika 30. Kahawa na chai ya rangi ziishe mapema mchana.

Dawa, na zisizo dawa

Hakuna kidonge kinachotibu FND yenyewe. Dawa hutibu yaliyoandamana nayo: sonona, wasiwasi, kipandauso, maumivu, kukosa usingizi. Hayo yatibiwe, kwa sababu yakibaki mazoezi hayaendi.

Dawa za kifafa hazizuii mshtuko wa FND. Hata hivyo, usiziache ghafla, hasa fenobabito: kuikata kwa siku moja kunaweza kuleta kifafa cha kweli. Daktari huipunguza polepole, kwa wiki au miezi. Sodiamu valproeti, nayo dawa ya kifafa, inaweza kumletea kasoro mtoto aliye tumboni, hivyo mwanamke anayeimeza bila kuwa na kifafa amebeba hatari bure. Jihadhari na tramadoli, dawa ya maumivu, ya duka la dawa: hukufanya tegemezi na huongeza uwezekano wa degedege.

Ushauri nasaha wa kubadili fikra na mienendo husaidia, lakini usiuziwe miujiza. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye watu wazima 368, uliona kwamba baada ya miezi 12 idadi ya mishtuko haikupungua kwa tofauti ya uhakika kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Kilichoboreka ni jinsi watu walivyoishi, kufanya kazi na kupunguza mateso. Kwa hiyo pimeni maendeleo kwa mambo ya maisha: amerudi sokoni, amepanda daladala peke yake, amemaliza wiki ya shule.

Kuhusu waganga na maombi: anayetaka kuombewa aombewe. Lisilokubalika ni kufungwa kamba, kuchapwa "pepo atoke", kufungishwa chakula siku kadhaa, au kuambiwa aache dawa. Kukemewa kwa kelele mbele ya umati kwa kawaida kunachochea mshtuko, ingawa baadaye mtu hutulia kwa kuchoka na watu wakadhani amepona.

Wanafunzi wanapoanguka kwa pamoja

Shule za wasichana za bweni zinalijua hili. Mfano uliosajiliwa katika maandiko ya kitabibu ni Kashasha, karibu na Bukoba, ambako kicheko na kilio visivyozuilika vilianza Januari 30, 1962, vikawakumba wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa mwezi Machi. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ikaibuka Nshamba, kijijini kwa baadhi yao.

Mwalimu afanye hivi: kwanza aondoe uwezekano wa sumu kwenye chakula, maji au moshi, na apime homa na malaria. Vikiwa safi, awatenganishe walioanguka na watazamaji, kila mmoja na mtu mzima mmoja mtulivu, katika vyumba tofauti. Asipige kengele ya dharura, asiwakusanye wote kwa maombi ya hadhara, asiruhusu simu kurekodi. Masomo yaendelee kwa wengine siku hiyohiyo. Halafu, kwa utulivu, aulize yaliyo nyuma ya pazia: mitihani, adhabu, usalama wa bweni, mtu mzima anayewatisha.

Dalili mpya zikija

Mwenye FND naye hupata kiharusi, kifafa, kisukari na malaria kama mtu mwingine yeyote. Dalili zilezile zikirudi baada ya homa, mimba au msiba, rudi Hatua ya 3 na ya 4, anza chini ya pale ulipoishia, na mpe daktari taarifa kwenye miadi. Dalili ambayo hujawahi kuipata ichunguzwe upya kuanzia mwanzo. Ukiambiwa mapokezi "ah, huyu ni yule wa FND", jibu kwa upole: "Ndiyo, muuguzi, lakini hii ni mpya, haijawahi kutokea. Naomba daktari aipime." Na hiyo karatasi ya daktari ibebwe na nakala, moja kwenye pochi, moja kwa jirani anayeshinda nyumbani.